Ngitili na Kazi ya Kuhifadhi Ardhi katika Usukuma

Inapotajwa kazi ya kuhifadhi ardhi, wengi wetu humfikiria askari wa wanyamapori mwenye sare, au Bwana Miti aliyehitimu chuoni na kuajiriwa na Serikali. Lakini katika nchi ya Wasukuma kazi hii ilikuwako kabla ya ofisi hizo, nayo ilikuwa na wenyewe, kanuni zake na mahakama yake.

Ngitili ni eneo la malisho linalofungwa mvua zinapoanza, majani yakaachwa yakue na kukauka yakiwa yamesimama kama akiba. Hufunguliwa kiangazi kinapokuwa kimekolea, malisho ya nje yakiwa yamekwisha. Wanaotangulia kuingia ni ndama, ng'ombe wanaonyonyesha, mifugo wagonjwa, na maksai wa kulimia. Maana maksai aliyekonda wakati wa mvua za kwanza ni shamba lisilolimwa. Mwenye ngitili, kwa hiyo, alikuwa mpangaji wa mwaka mzima. Ilimpasa kukadiria majani yake dhidi ya siku zilizosalia, na kuwalisha wanyama kipande kwa kipande ili wasilikanyage eneo lote kwa mara moja. Zilikuwako ngitili za kaya na ngitili za jumuiya. Aliyeingiza mifugo kwa wizi alifikishwa mbele ya dagashida, yaani baraza la kimila, akatozwa faini.

Serikali ya kikoloni iliitazama nchi hiyo kwa jicho jingine. Mwaka 1929 C. F. M. Swynnerton, aliyekuwa mkuu wa kwanza wa idara ya wanyamapori ya Tanganyika, alikabidhiwa utafiti wa mbung'o, na Shinyanga ikawa makao ya kazi hiyo. Ni ajabu ya historia kwamba mlinzi wa wanyama wa porini ndiye aliyekuja kusimamia vita iliyofyeka pori. Mbung'o walipungua na ng'ombe wakaongezeka. Baadaye mashamba ya pamba yakapanuka, na miti iliyosalia ikaishia jikoni. Na hapa hatuna budi kusema kweli: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970, pamoja na shabaha yake njema ya kuwapatia watu shule na zahanati, iliwahamisha wakulima mbali na ngitili zao. Ngitili isiyo na mtu wa kuilinda haidumu hata misimu miwili.

Mwaka 1986 Serikali ilianzisha mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kama HASHI. Maofisa wake walianza kwa kazi waliyofundishwa chuoni, yaani kuotesha miche kwenye vitalu na kuigawa. Kwa hali ya ukame wa Shinyanga, kazi hiyo ilikuwa ngumu na mazao yake machache. Wazee walikuwa na jambo jingine la kuwaonyesha: visiki na mizizi ya migunga vilikuwa bado hai ardhini, vikihitaji tu kuachwa bila kukatwa wala kuliwa. Ofisa aliyekubali kuketi katika dagashida na kusikiliza alipata pale elimu ambayo hakuipata darasani. Ulinzi ukabaki mikononi mwa wanavijiji na sungusungu wao.

Mpango ulipoanza, ngitili zilizokuwa zimeorodheshwa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Ulipofika mwisho wake mwaka 2004, zilizorejeshwa zilizidi hekta 300,000 katika vijiji zaidi ya 800. Mwaka 2002 HASHI ilipata Tuzo ya Ikweta huko Johannesburg. Kuni, asali, dawa na majani ya kuezekea vilirudi karibu na nyumba, na wanawake wakapunguziwa mwendo mrefu wa kutafuta kuni.

Hata hivyo, hesabu ya kazi hiyo haikuwa sawa kwa wote. Bwana Miti alilipwa mshahara, akapata uhamisho, na mwishowe pensheni. Mlinzi wa ngitili ujira wake ulikuwa majani ya kiangazi, nayo yalimfaa zaidi mwenye ng'ombe wengi. Kaya isiyo na ardhi ya kutosha haikuweza kufunga ngitili yake yenyewe. Ilitegemea ile ya jumuiya, au ilinunua haki ya kulisha kwa jirani. Katika maeneo ya Bariadi, Maswa na Meatu, ambayo tangu mwaka 2012 yamo katika Mkoa wa Simiyu, swali la nani afunge, nani alinde na nani aingize mifugo kwanza lilikuwa shauri la dagashida muda mrefu kabla ya mipaka hiyo kuchorwa.