Kichocheo Kinasanuru

Nimeletewa hapa Bukoto, Kampala, faharasa mpya ya kemia. Humo, chembenano za metali mbili zinazoendesha mimenyuko ya kemia kaboni kwa nguvu ya mwanga zimeitwa “vichocheo vya mwanga”. Nimesoma mara tatu nikitumaini ni kosa la chapa. Silo.

Kichocheo cha ukuaji huchochea ukuaji. Kichocheo cha hamu huchochea hamu. Kwa sarufi hiyohiyo, kichocheo cha mwanga huchochea mwanga. Ilhali hapa mwanga ndio nguvu yenyewe: metali huunasa, mmenyuko ukaenda. Wanakamati walioiandaa faharasa wamemgeuza mtenda kuwa mtendwa, wakapiga muhuri.

Na neno kichocheo sina ugomvi. Berzelius, mwanakemia Mswidi, alipolibatiza jambo hili la kuchochea mimenyuko mwaka 1835, aliazima kitenzi cha Kigiriki chenye maana ya kulegeza na kufungua. Sisi tulilitoa jikoni. Kuchocha ni kuchokoa kwa kijiti. Kuchochea ni kuuchokolea moto upate kuwaka, na kwa maana ya pili ni kutia watu fitina, ndipo ukazaliwa uchochezi. Jirani yangu akaangaye chapati kwenye jiko la makaa, sigiri kwa wenyeji wa hapa, hutekua makaa kwa kipande cha nondo. Moto huwaka, makaa huisha, nondo hubaki. Hiyo ndiyo sifa ya kichocheo: huharakisha, hakiliwi.

Kinachokosekana ni kuutaja mwanga mahali pake, na kiunzi tunacho: kinasa sauti, kipaza sauti, kipimajoto. Ki-, kitenzi, kisha kitendwa. Basi nasema kichocheo kinasanuru. Nimechagua nuru kwa kuwa mwanga ni pia mchawi wa usiku, na kinasamwanga kingesikika kama mtego wa wachawi. Yuko mwenzangu anayeshikilia “fotokatalisti”. Neno hilo halimfumbulii mwanafunzi chochote.

Faharasa hiyohiyo imeziita chembe hizi “aloi”. Si zote. Katika aloi metali huchanganyika. Nyingine ni kiini cha metali moja ndani ya ganda la nyingine.

Pendekezo langu niliwapelekea wanakamati hao kwa maandishi, mapema. Sikujibiwa hata mstari mmoja, na uchungu huo ningali nao.

Kuhusu matumizi ya chembe hizi, yatosha kusema: katika chembenano za dhahabu na paladi, dhahabu hunasa mwanga wa kijani, wa nanometa zipatazo 520, nayo paladi huunganisha kaboni na kaboni, ufundi uliowapatia wanakemia Heck, Negishi na Suzuki Tuzo ya Nobel mwaka 2010.

Julai 2022 Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha Kiswahili kuwa lugha rasmi na kifundishwe kwa lazima shuleni. Mtoto wa Kampala atakayekutana na neno hili kwanza kwa Kiswahili hana budi kujua, kwa kulisikia tu, nini kinanasa na nini kinanaswa. Faharasa irekebishwe kabla haijamfikia.