Harufu yaweza kupima ubora wa tunda bila kulikata

RAS Kisimani ni ncha ya magharibi ya Kisiwa cha Mafia, mkabala na delta ya Mto Rufiji. Wengi huijua kwa mabaki ya mji wa kale ambao sehemu yake kubwa imemezwa na bahari. Kwa mkulima wa huko mwenye miembe lipo jambo zito zaidi: embe la kuuzwa bara sharti livuke maji kwanza. Likichumwa changa haliivi vizuri. Likichumwa limeiva mno hufika limeharibika. Nalo likibonyezwa au kukatwa ili lijaribiwe, haliuziki tena.

Ndipo harufu inapopata kazi. Tunda linapoiva hutoa hewani kemikali nyepesi, nyingine kwa kiasi kidogo mno. Watu wa pwani hawakungoja maabara kulijua hilo. Fenesi hunuswa kabla halijapasuliwa.

Maabara imeongeza kipimo. Tunda zima hufungiwa ndani ya chombo cha kioo, kisha hewa inayolizunguka hunaswa kwa uzi mwembamba uliopakwa kitu kinachonyonya kemikali, mbinu iliyotangazwa mwaka 1990 na Janusz Pawliszyn na mwenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo, Canada. Kilichonaswa hupitishwa katika mtambo wa kromatografia ya gesi, ambao msingi wake uliwekwa Uingereza na Anthony James na Archer Martin mwaka 1952. Mtambo huzitenganisha kemikali moja moja. Tunda hutolewa likiwa zima, na laweza kuliwa.

Katika embe hutawala kemikali za jamii ya terpini. Katika ndizi mbivu, esta iitwayo isoamili asetati. Ethanoli ikizidi, tunda limeanza kuchachuka, hata kama ganda bado linapendeza.

Ganda, kwa kweli, ni shahidi mbovu. Embe lililokomaa likivundikwa huivishwa na gesi ya ethilini linayoitoa lenyewe, na harufu yake hujengeka pamoja na utamu. Embe changa lililolazimishwa kwa kabaidi, inayotoa gesi ya asetilini, laweza kugeuka njano huku harufu ikibaki hafifu. Mnunuzi wa mjini hulipia rangi.

Kwa kuwa mtambo huo ni ghali na huchukua muda, ipo pia pua ya kielektroniki, iliyoelezwa mwaka 1982 na Krishna Persaud na George Dodd wa Chuo Kikuu cha Warwick. Haizitaji kemikali kwa majina. Hulinganisha harufu iliyo mbele yake na zile ilizofundishwa. Kwa hiyo pua iliyofundishwa kwa maembe ya Tommy Atkins haifai kuaminiwa mbele ya dodo au boribo mpaka ifundishwe upya. Tena joto na unyevu huvuruga vihisio vyake, nayo pwani ina vyote viwili kwa wingi.

Nazi, zao lililoipa Mafia jina, haimo katika hesabu hii. Harufu yake tamu, itokanayo na laktoni, imefungiwa ndani ya kifuu na makumbi, na mnunuzi bado huitikisa karibu na sikio asikilize maji. Pua ya mashine huifaa zaidi mbata, pale mafuta yake yanapoanza kuharibika.