Ngoma ya Chuka na Binti wa Ng'ambo ya Tana

Ukishika barabara ya Embu kwenda Meru utapita Chuka, na Mkenya aliyewahi kuhudhuria sherehe za taifa anaijua Chuka kwa ngoma zake hata kama hajakanyaga mji wenyewe. Ni ngoma ndefu, nyembamba, ya gogo lililochimbwa ndani na kuwambwa ngozi. Mpigaji huifunga kiunoni, akaipitisha katikati ya mapaja, mkia wake ukatokeza nyuma. Kisha huinama na kuipiga kwa viganja huku akicheza. Kituo cha utamaduni cha Bomas of Kenya, kilichoanzishwa 1971, kimekuza vizazi vya wanafunzi wanaotambua mdundo huo mara tu unapoanza. Lakini wanaoubeba, tangu enzi hizo hadi leo, kwa kawaida ni wanaume. Mwanamke wa huku Mlima Kenya ana nyimbo na vigelegele. Ngoma yenyewe imehesabiwa kuwa ya mwanamume.

Ndiyo sababu namleta hapa mpiga ngoma Kasiva Mutua, ingawa yeye ni binti wa Kikamba. Kati ya Wambeere wa Embu na Wakamba pana Mto Tana tu, na mto huo haukuwahi kuwazuia kufanya biashara wala kuoana. Hadi kaunti zilipoanza mwaka 2013, sote tulikuwa watu wa Mkoa wa Mashariki, makao makuu yake Embu. Tena Wakamba wana kilumi, ngoma ya wanawake wazee ya kuomba mvua na kutuliza pepo, ambamo wanawake wenyewe hupiga. Kwa hiyo anayesema kwamba mwanamke kupiga ngoma ni mambo ya kigeni yaliyoletwa juzi, avuke mto akaulize.

Kasiva amesimulia kwamba aliyemzindua ni nyanya yake, kwa hadithi zilizojaa sauti. Mtoto akajifunza kusikiliza kabla ya kupiga, akaanza kuisikia midundo kila mahali, hata katika kelele za jiji. Alipoishika ngoma kama kazi, aliambiwa lile ambalo wasichana wengi wameambiwa: hiyo ni shughuli ya wanaume. Hakuiacha. Alijiunga na The Nile Project, kundi lililoasisiwa 2011 na Mina Girgis wa Misri na mwimbaji Meklit Hadero mwenye asili ya Ethiopia, likiwakutanisha wanamuziki wa nchi zinazonywa maji ya Nile. Kenya imo kwa sababu ya Ziwa Victoria. Humo Kasiva alisimama na mabingwa wa Misri, Sudan, Ethiopia na Uganda, na kundi hilo likazunguka Afrika na Marekani.

Agosti 2017 alipanda jukwaa la TEDGlobal mjini Arusha, ngoma mikononi, akaeleza mbele ya dunia kwa nini mwanamke naye ni mlinzi wa utamaduni. Oktoba ya mwaka huohuo, Rais Pierre Nkurunziza wa Burundi alitia sahihi amri iliyowakataza wanawake kupiga ngoma za kifalme, zile ambazo UNESCO iliziorodhesha 2014 kuwa urithi wa binadamu. Mwanamke aliruhusiwa kucheza ngoma za kike, basi. Sioni namna ya kuutetea uamuzi ule. Urithi ukishaitwa wa binadamu wote, huwezi kuwaondoa nusu yao kwa karatasi ya serikali.

Pwani walikuwa na jibu tayari. Fatuma binti Baraka wa Zanzibar, ambaye sote tunamjua kwa jina la Bi Kidude, aliifunga ngoma ndefu kiunoni kwa kanga, akaipanda na kuipiga, tena akiwa bibi kizee. Ukimtazama kwenye filamu utashangaa jinsi mkao wake unavyokaribiana na ule wa wapigaji wa Chuka. Mkao huohuo ndio unaodaiwa kwetu kuwa haumstahili mwanamke! Zanzibar uliheshimiwa, kwa sababu Bi Kidude alikuwa somo wa unyago: kwa ngoma ile aliwafunda wari mambo ya mwili, ndoa na kujitunza. Mwaka 2005 alipewa tuzo ya WOMEX, akafariki Aprili 17, 2013. Umaarufu wa dunia ulimkuta akiwa amewafunda wasichana kwa miongo mingi.

Nchini Rwanda, mwandishi wa tamthilia Odile Gakire Katese alianzisha Ingoma Nshya mwaka 2004 huko Butare. Miaka kumi tu ilikuwa imepita tangu mauaji ya kimbari. Waliokuja kupiga walikuwa wajane, mayatima, wake na jamaa za wauaji, wakasimama safu moja. Hapo kabla mwanamke wa Rwanda hakupaswa hata kuigusa ngoma. Mwaka 2010 wapigaji hao walifungua duka la aiskrimu, Inzozi Nziza, kwa msaada wa kampuni ya Blue Marble ya Brooklyn, na mapato yakawa ya wanawake wenyewe. Kati ya yote niliyoyataja, hili ndilo linalonigusa zaidi, maana mtu aliyempoteza mumewe hahitaji makofi ya watazamaji peke yake. Anahitaji pia ada ya shule na chakula cha jioni.

Kasiva naye hakubaki na ujuzi wake mfukoni. Ameanzisha Motra, mradi unaowakusanya wanawake wapiga ngoma, wakajifunza na kupanda jukwaani pamoja, na amekuwa akiwafundisha vijana mdundo. Msichana anayefundishwa hivyo anapata kazi ambayo nyanya zake wengi walinyimwa.

Sasa ninasema na walimu wa muziki wa Embu, Tharaka-Nithi na Meru, pamoja na maofisa wa utamaduni wa kaunti hizi tatu. Mnapoandaa kikundi kwa ajili ya Tamasha la Muziki la Kenya, msiwaweke wasichana kwenye kuimba na kupiga vigelegele tu. Waiteni wazee wa Chuka wawafundishe kufunga ngoma kiunoni, kuinama na kuipiga. Mwalikeni Kasiva aje awaone. Na wewe mzazi, binti yako akianza kugonga meza kwa vidole, usimkemee. Mtafutie ngoma.