Namna ya kupata neno refu la Kiingereza ukiwa na herufi zake chache

Katika shule za msingi za serikali nchini Tanzania masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mtoto akiingia kidato cha kwanza, anakutana na Kiingereza karibu kila somo, na ndipo maneno marefu yanapoanza. Amenakili ubaoni mbiombio, daftari likalowa mvua, na sasa anaona "photo" mwanzoni na "sis" mwishoni. Katikati hapasomeki. Afanyeje?

Zipo njia za kulipata neno hilo. Lakini zipo pia sehemu ambazo njia hizi hazifai kabisa, na tutazitaja.

Kamusi inataka herufi ya kwanza

Kamusi ya kawaida hupangwa kwa herufi za mwanzo. Ukijua mwanzo wa neno unafika haraka. Ukijua mwisho tu, utafunua kurasa mpaka uchoke. Tatizo hili ni la zamani. Mwaka 1775 John Walker alichapisha huko London kamusi ya Kiingereza iliyopanga maneno kwa herufi za mwisho, na watunga mashairi waliitumia kutafuta vina.

Kiingereza kina mtego mwingine: herufi zisizotamkwa. Ukisikia redioni neno la Kiingereza lenye maana ya nimonia, utalitafuta kwenye N na hutalipata. Huandikwa "pneumonia", na P yake ya mwanzo haisikiki. Vivyo hivyo "psychology" huanza na P, na "knowledge" huanza na K. Na sauti ya F mara nyingi huandikwa PH.

Nyota na alama ya kuuliza

Kama una simu yenye intaneti, tovuti ya kamusi ya OneLook hukuruhusu kuandika herufi unazozijua na kuacha pengo. Nyota (*), ile ile unayobonyeza ukiangalia salio, husimama badala ya herufi zozote, ziwe ngapi. Alama ya kuuliza (?) husimama badala ya herufi moja tu.

Andika photo*sis. Miongoni mwa majibu utaona "photosynthesis" na "photolysis". La kwanza lina herufi 14, la pili 10. Kama daftari linaonyesha kwamba pengo lilikuwa la herufi sita, andika photo??????sis, na "photolysis" litaondoka.

Kwa neno ulilolisikia bila kujua mwanzo wake, anza na nyota. Ukiandika *monia utapata "pneumonia", lakini utapata pia "ammonia", yaani amonia. Moja ni ugonjwa wa mapafu, jingine ni gesi yenye harufu kali. Simu inakuletea maneno. Kuchagua ni kazi yako, kwa kuangalia habari ilihusu nini.

Tumia herufi adimu

Herufi zote hazina uzito sawa. Msanifu majengo wa Marekani, Alfred Butts, alipokuwa akibuni miaka ya 1930 mchezo uliokuja kuitwa Scrabble, alihesabu herufi katika gazeti la The New York Times. Katika seti ya Kiingereza ya mchezo huo yenye vigae 100, E ina vigae 12, lakini J, Q, X na Z zina kimoja kimoja.

Maana yake kwako ni hii: ukikumbuka Q au X, hiyo ndiyo ya kutafutia. Ukiandika *t*ion utapata maneno mengi mno. Ukiandika *q*ium orodha inakuwa fupi, na "equilibrium" la somo la fizikia limo.

Lipasue neno

Asiye na intaneti anaweza kulipasua neno vipande. Sisi tumezoea: katika "hawatatusomesha" tunauona mzizi "som" bila shida. Kiingereza nacho huunganisha, mara nyingi kwa vipande vya Kigiriki na Kilatini. "Photo" ni mwanga, "synthesis" ni kuunganisha vitu kupata kitu kipya. Ndiyo maana Kiswahili chake ni usanisinuru: usanisi na nuru.

Vipande vichache vya kuanzia:

- "bio" ni uhai, "logy" ni elimu: "biology".
- "hepat" ni ini, "itis" ni uvimbe: "hepatitis", homa ya ini.
- "hyper" ni kupita kiasi, "hypo" ni pungufu.
- "cide" ni kuua.

Hicho cha mwisho mkulima anakihitaji. "Insecticide" huua wadudu, "fungicide" huua kuvu, "herbicide" huua magugu. Mwisho wa maneno yote matatu ni ule ule. Anayesoma mwisho tu anaweza kupulizia dawa ya magugu akidhani ni ya wadudu, na zao likakauka. Soma neno zima.

Pasipo pa kubahatisha

Usitumie njia hizi kukisia jina la dawa ambalo lebo yake imefutika. "Hydralazine" ni dawa ya shinikizo la damu. "Hydroxyzine" hutumika kwa mzio na kuwashwa. Yote mawili huanza na "hydr" na kuishia na "zine", na kila moja lina herufi 11. Hata kuhesabu hakutakuokoa. Dawa isiyosomeka jina, ya binadamu, ya mifugo au ya shambani, usiitumie: ipeleke kwa mfamasia, daktari wa mifugo au bwana shamba.

Kwa daftari la mtoto, jaribu bila woga. Akilipata neno, aliandike zima, alipasue, na pembeni aweke maana yake kwa Kiswahili.