Swichi ya Gitaa Ilibadilishwa na Wapigaji, si Kiwanda
Watu wangu wa Kabati, kabla hujauza gitaa eti "halina sauti ya benga", gusa swichi kwanza.

Mwaka 1954 Fender walitoa Stratocaster: pikapu tatu, swichi ya nafasi tatu, unasikia pikapu moja tu kwa wakati. Wapigaji wakagundua ukiikwamisha swichi katikati ya nafasi mbili, pikapu mbili zinalia pamoja. Kiwanda kilikubali 1977, kikaweka nafasi tano. Zaidi ya miaka 20!

Kwa benga ya Kikamba, ile ya kina Kakai Kilonzo, mimi naanzia pikapu ya karibu na daraja: mlio mkali, unakata. Mwimbaji akiingia, sogeza hatua moja, ulainike.

Usingoje kiwanda kikupe ruhusa.