Kioo cha Tutankhamun na kimondo ambacho shimo lake halijaonekana

Jumba Kuu la Makumbusho la Misri lilipofunguliwa rasmi Novemba 2025, jirani na piramidi za Giza, macho yalikuwa kwenye dhahabu ya Farao Tutankhamun. Katika hazina hiyo kuna kidani chenye mbawakawa wa manjano hafifu, aliyechongwa kwa kitu kinachopenya mwanga. Howard Carter, aliyegundua kaburi la farao huyo mwaka 1922, alikidhania kuwa jiwe la kalsedoni. Ilikuwa 1996 ndipo Mwitaliano Vincenzo de Michele alipoingiwa na shaka, na vipimo vikaonyesha ni kioo kilichotokana na kimondo miaka milioni 29 hivi iliyopita.

Kioo hicho kimetapakaa kwenye Bahari Kuu ya Mchanga, magharibi mwa Misri. Watu wa Zama za Mawe walikichonga kuwa zana. Mpimaji ardhi Patrick Clayton alikikuta mwaka 1932, na L. J. Spencer wa British Museum akamfuata huko.

Ubishi ulianza hapo: shimo liko wapi? Kimondo kinachoyeyusha mchanga wa eneo kubwa namna hii kingepaswa kuacha alama ardhini, na alama haikuonekana. Wengine wakasema kililipuka angani, kama kilichoangusha misitu ya Tunguska, Siberia, mwaka 1908, na joto lake ndilo lililoyeyusha mchanga. Hoja hiyo ilivuma sana. Mwaka 2019 watafiti Aaron Cavosie na Christian Koeberl walichunguza chembechembe za madini ya zirkoni ndani ya kioo wakakuta dalili za reidaiti, madini yanayohitaji mgandamizo mkubwa mno. Mlipuko wa angani hauwezi kutoa nguvu hiyo; kimondo lazima kiliigonga ardhi. Mimi naona ushahidi huo una uzito, ingawa shimo bado halijapatikana. Huenda upepo na mchanga vimelila au kulifukia.

Kinachoniuma ni biashara. Vipande vya kioo hiki vinauzwa kwenye intaneti kama vito vya bahati, na mnunuzi haambiwi viliokotwa wapi hasa. Mahali kila kipande kilipolala ndipo mtafiti anapopata fununu ya shimo lilikokuwa. Misri imemjengea Tutankhamun jumba la fahari. Na uwanda uliompa mbawakawa wake nao unastahili ramani kamili na walinzi, kabla vioo vyake havijaokotwa vyote.