Seli Isiyo na Miguu: Historia ya Mwendo na Uchukuzi

Mwaka 1882, mjini Messina katika kisiwa cha Sicily, Ilya Metchnikoff alichoma miiba ya mwaridi ndani ya viluwiluwi vya kiti cha pwani. Miili yao hupenya nuru, hivyo hadubini ilimwonyesha yote yaliyotokea ndani. Kulipokucha alikuta seli zimeuzunguka mwiba. Zilikuwa zimehama kutoka zilikokuwa, zikaufuata. Kazi hiyo iliweka msingi wa elimu ya kinga ya mwili na kumpatia Nobel mwaka 1908, pamoja na Paul Ehrlich. Lakini iliacha swali ambalo kwa miongo mingi halikupata jibu la kutosha: seli isiyo na mguu wala pezi ilifikaje pale?

Sehemu ya jibu ilikuwa imejificha mahali ambapo wataalamu wa mwendo hawakupachunguza. Mwaka 1898, mjini Pavia, Camillo Golgi alitia madini ya fedha kwenye seli za ubongo wa bundi, akaona kitu kama wavu karibu na kiini. Kwa takriban nusu karne wapo wasomi waliosisitiza kuwa wavu huo ni doa lililoachwa na dawa, mpaka hadubini ya elektroni ilipothibitisha miaka ya 1950 kwamba upo kweli. Golgi alikuwa amegundua kituo kikuu cha uchukuzi cha seli bila kujua kinachukua nini.

Aliyekuja kukionyesha kinachochukuliwa ni George Palade, Mromania aliyehamia Marekani mwaka 1946 na kufanya kazi katika Taasisi ya Rockefeller, New York. Miaka ya 1960, yeye na wenzake walizipa seli za kongosho la simbilisi asidi amino yenye mionzi kwa dakika chache tu, kisha wakafuatilia ilikokwenda. Protini mpya zilionekana kwanza kwenye tando zilizokunjamana ambako hutengenezwa, kisha kwenye wavu wa Golgi, kisha ndani ya vifuko vilivyosubiri kumwagwa nje. Nobel ilifuata mwaka 1974. Baadaye Randy Schekman alitumia hamira kuzitambua jeni zinazoongoza safari hiyo, na James Rothman akaonyesha jinsi kifuko kinavyoitambua shabaha yake na kuungana nayo.

Kwa maoni yangu, heshima ya kuziunganisha habari hizi mbili, ya mwendo na ya uchukuzi, ni ya Michael Abercrombie, na inasikitisha kwamba jina lake halitajwi sana nje ya maabara. Mwingereza huyu alikuwa na subira ya kutazama seli ikitambaa kwenye kioo saa baada ya saa. Mwaka 1970, pamoja na Joan Heaysman na Susan Pegrum, alieleza jambo dogo lenye uzito: punje zilizonasa juu ya ukingo wa mbele wa seli hazikusonga pamoja na seli, bali zilirudi nyuma. Wakakisia kwamba utando mpya huongezwa mbele, na ule wa zamani humezwa nyuma zaidi. Ikiwa ndivyo, vifuko vya Palade, ambavyo navyo ni vya utando, havikuwa vya kumwaga vimeng'enya tu. Seli ilivitumia pia kusafiri.

Mark Bretscher wa Cambridge aliishika hoja hiyo na kuipigania kwa miaka mingi. Njia ya utando kurudi ndani ilikuwa imeanza kueleweka tangu 1964, Thomas Roth na Keith Porter walipoona vishimo vyenye gamba juu ya mayai machanga ya mbu. Mwaka 1976 Barbara Pearse aliipa protini ya gamba hilo jina la klathrini. Bretscher akasema: utando humezwa kutoka pande zote za seli, lakini katika seli inayotembea hurudishwa mbele, na mkondo unaotokea ndio unaoisukuma.

Ushahidi ulimuunga mkono kwa sehemu. Abraham Kupfer, Daniel Louvard na S. J. Singer walichana tabaka la seli mwaka 1982 wakaona kwamba zile za ukingoni huigeuza Golgi yao ielekee upande wa jeraha. Mwaka uliofuata ilionekana kuwa protini mpya hutua hukohuko mbele. Hata hivyo, vipimo vya mwaka 1990 kwenye seli nyeupe za damu havikuona lipidi za utando zikitiririka kuelekea nyuma. Nguvu ya kusukuma ukingo, wengi walikubali, hutoka kwa nyuzi za protini iitwayo aktini.

Basi vifuko vina kazi gani? Vinabeba vishikizo. Seli hushika ardhi yake kwa protini ziitwazo integrini, na mwaka 1989 Bretscher mwenyewe alionyesha kwamba mojawapo huingia ndani na kurudi juu mara kwa mara. Mwendo wa seli ni kama wa mtu anayevuka tope kwa mbao mbili: huinua ya nyuma akaiweka mbele. Kuanzia miaka ya 2000, Jim Norman na wenzake walionyesha kuwa integrini zina njia ya mkato inayosimamiwa na protini Rab4, na njia ndefu ya Rab11 inayopita karibu na kiini.

Mwaka 2009, kundi la Norman na la Karen Vousden, huko Glasgow, walifika kwenye saratani. Jeni ya p53 ndiyo inayoharibika mara nyingi zaidi katika uvimbe wa binadamu. Waligundua kuwa p53 iliyobadilika huharakisha urejeshaji wa integrini juu ya seli, pamoja na kipokezi cha ishara za ukuaji, na seli hizo hupenya tishu za jirani kwa urahisi zaidi. Walipoizuia protini inayosaidia urejeshaji huo, upenyaji ulipungua.